Jioni yetu ya Kariakoo imeingiliwa, nami nimegeuka mbeba mikoba

Asalaam alaykum Somo,

Natumai u mzima wewe na walokuzunguka. Mie msomaji wako wa hapa hapa Unguja, sijawahi kukuandikia kwa sababu mambo yangu huwa nayameza mwenyewe, lakini hili limenikaa kooni. Mama yangu nikimueleza ananambia vumilia mwanangu ndo ndoa, dada yangu nae ndo kabisa anataka nifunge virago kesho asubuhi, kwa hiyo wote wawili hawanisaidii kitu.

Nakaa Fuoni, nna watoto watatu, msichana wa miaka 11, kijana wa miaka 8 na mdogo wao wa kike miaka 4. Baba yao ni fundi wa AC za mahoteli huko kaskazini, siku za kazi hatumuoni ila usiku na akirudi keshachoka anataka chai na kitanda. Sasa toka huyu kijana bado namfunga mgongoni tulijiwekea kitu chetu, ikifika mwisho wa mwezi mshahara ukiingia, Jumamosi yake tunasali Magharibi tunatoka wote, tunakwenda viwanja vya kufurahishia watoto pale Kariakoo, watoto wanapanda michezo yao mpaka wachoke, halafu tunamalizia Forodhani, mie na urojo wangu, wao zanzibar pizza ya ndizi na chokleti, juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi, tunakaa ukutani tunawaangalia vijana wa makachu wanavyojirusha baharini. Basi. Hatuna cha zaidi Somo, hatuendi Dubai sisi, lakini watoto wanaanza kuulizia toka katikati ya mwezi, "mama mshahara bado?" utafikiri mshahara wao. Kijana wangu yeye ni magari ya kugongana tu, na lazima baba yake akae pembeni yake, baba anakanyaga yeye anashika usukani, mie nje naona vichwa viwili tu vinacheka.

Mwaka juzi mume wangu akaoa mke wa pili, Bububu. Sikupiga makelele, nlilia nikanyamaza. Zamu anazigawa sawa sawa, hilo sitomsingizia, na chakula hakijapungua nyumbani kwangu. Mwenzangu alikuja na msichana wake wa miaka 9 wa ndoa ya mwanzo, na sasa wana kijana mdogo ndo kwanza anaanza kukimbia kimbia.

Skukuu ilopita mume wangu akaja na fikra yake, akasema mwaka huu tunatoka pamoja, nyumba zote mbili, kakodi gari ya abiria, ikaanza kuchukua Bububu ikaja Fuoni. Mie nikasema hewala, skukuu ni ya watu wote. Nafika kwenye gari mbele keshakaa mwenzangu na mwanawe mapajani, nikapanda nyuma na watoto. Sawa. Tukaanzia Forodhani kwa sababu mwenzangu alisema ana njaa na mtoto ana njaa, wakati sisi siku zote tunaanza michezo kwanza. Watoto wakala urojo mpaka juu, ndo tunakwenda Kariakoo.

Kufika pale Somo watu kama siafu, si unajua skukuu ilivyo. Mume wangu kamshika yule mdogo mabegani, mwenzangu yuko pembeni yake, mie nko nyuma na mikoba mitatu, chupa za maji, viatu vya watoto, mapulizo mawili, na mtandio wa mtu sijui wa nani. Kijana wangu kamshika baba yake mkono mpaka kwenye magari ya kugongana kama kawaida yao. Sasa baba anataka kuingia, yule mdogo akaanza kulia anataka abebwe, na wenye mchezo wakasema huyu hawezi kuingia hajafika kimo. Basi mume wangu akatoka akamwambia kijana wangu "kaendeshe peke yako, we mkubwa." Wallahi Somo yule mtoto alikaa kwenye kile kigari mikono kaiweka mapajani, hakushika usukani, hakukanyaga, wenzake wanamgonga huku na huku anatikisika tu mpaka kengele ikalia. Akatoka hakusema neno.

Haijaisha. Yule msichana wa mwenzangu akapanda ile inayozunguka juu, kushuka tu akanitapikia, urojo wote kwenye mtandio wangu mpya rangi ya maziwa. Mwenzangu akaja mbio ananifuta kwa kanga yake mwenyewe, mie nikamwambia wacha tu, nikamtoa mkono. Halafu kabla hatujaondoka mume wangu ananipa simu, "hebu tupige picha." Nikawapiga. Yeye, mwenzangu, watoto wote watano, wanacheka. Usiku ule ile picha kaiweka status, watu wananitumia "mashallah familia," na mie simo kwenye familia, mie mpiga picha.

Sasa ananambia kuanzia mwezi huu kila mwisho wa mwezi tunatoka vile vile, wote. Eti pesa moja, gari moja, na watoto ni ndugu wazoeane. Nikamwambia mimi kichwa kinaniuma siku hiyo, akacheka akasema kichwa gani hicho kinauma kwa kalenda. Nilipomwambia sitaki akasema huo wivu, unataka kuwatenganisha watoto wangu. Msichana wangu mkubwa nae kasikia, kasema yeye haendi tena, bora apewe ile hela akanunue madaftari ya skuli.

Somo nifanyeje? Nigome? Niwaache watoto waende mie nibaki? Au nimwambie kila nyumba iende kivyake, na yeye ndo anasema hana pesa ya mara mbili? Na nambie ukweli, ni wivu huu?

Mbeba Mikoba, Fuoni


JIBU LA SOMO

Waalaykum salaam warahmatullah mwanangu.

Nianze na hilo la mwisho maana ndo linalokukera zaidi. Ndio, wivu upo. Utaukosaje? Mtu unampenda mumeo, umekaa nyuma na viatu vya watoto mkononi, halafu unapewa simu upige picha ambayo wewe humo, na usione wivu? Ungeniandikia huna wivu nisingekuamini, nami ningekujibu mistari miwili tu. Lakini wivu wako haukumfanya kijana akae ndani ya kigari mikono mapajani. Lile ni jambo la mtoto na baba yake, na mumeo amelichanganya na wivu wako ili yote yaitwe jina moja apate kuyatupa pamoja. Usimkubalie, na wewe mwenyewe usiyachanganye. Ukienda kwake ukaanza na picha, kiti cha mbele na mtandio, atasikia mke mwenza tu. Ukienda na yule mtoto, atasikia.

Haya. Tuje kwenye "pesa moja, gari moja." Hapo nimekaa nikapiga hesabu na hesabu haikai. Tiketi inakatwa kwa kila mtoto, haikatwi kwa familia, watoto wanaopanda ni wale wale wakija pamoja au wakija mbalimbali. Pizza ni hizo hizo. Kilichobaki ni nauli, na Bububu iko kaskazini, Fuoni iko upande mwengine kabisa wa mji, sasa gari ya kukodi itoke mjini iende Bububu, irudi ije Fuoni, ishuke mjini, ikusubirini, halafu usiku izunguke tena vile vile, hiyo ndo bei rahisi? Wa Bububu wakipanda dala lao la 502 na nyie mukipanda dala lenu la Fuoni, kurudi tu ndo mukakodi, sidhani kama inafika hiyo pesa ya gari. Mumeo habani pesa mwanangu, anabana Jumamosi. Mtu ametoka kwenye madari ya mahoteli wiki nzima, anaona kwa mwezi atakwenda Kariakoo mara mbili, kachoka hata kabla hajakwenda, akaona bora amalize yote usiku mmoja. Na hilo si baya, uchovu ni uchovu, ila aliseme hivyo hivyo ulivyo, asiupe jina la kuunganisha ndugu.

Maana kwenye undugu amesema kweli na hapo nitakukera. Yule mdogo anaekimbia kimbia ni ndugu wa damu wa wanao. Watarithi pamoja, siku moja watakaa msibani pamoja, ukitaka usitake. Wakijuana kwenye pembea ni bora kuliko kujuana mbele ya kadhi wanagombania kiwanja, na kesi hizo hapa petu kila mtu anaijua moja. Kwa hiyo kugoma moja kwa moja sikushauri. Na kubaki nyumbani kwa kichwa kuuma pia sikushauri, kichwa cha kalenda hata mie nimecheka, samahani.

Ila undugu hauhitaji kila mwisho wa mwezi, na wala hauhitaji mama wawili wamekaa pembeni kila mmoja anahesabu nani kabebwa. Fikra yangu ni hii, isome mpaka mwisho kabla hujakasirika: watoto wote waende, na baba yao, peke yake. Nyie wanawake wawili mubaki kila mmoja kwake. Yule mdogo sana abaki na mama yake kwanza mpaka akue, Kariakoo usiku si pa mtoto anaeanza kukimbia, michezo mwenyewe hajafika kimo, na ukimtia kwenye watu wengi vile baba mzima anakuwa wa mtoto mmoja, kama mulivyoona. Wanabaki wanne. Awachukue wanne, akate tiketi, asimame foleni, ashike mapulizo, ajue nani anataka chooni na nani kavua kiatu, na mikoba, mwanangu, mikoba aibebe yeye. Simkomoi. Ule mzigo ulioubeba ukaona ni dharau, yeye hajauona kama ni mzigo, kwa sababu hajawahi kuushika. Akiwa peke yake hana wa kumwambia "kaendeshe peke yako." Itabidi aone nani hajapanda na nani anamsubiri yeye. Na watoto nao wasipokuwa na macho ya mama zao juu yao wanazoeana haraka, hawana anaewafunza kununa.

Hiyo iwe mara moja moja, na skukuu. Skukuu zetu zina siku nne, tena Mnazi Mmoja nako watu wanajaa, zama zetu kulikuwa na zile pembea za mbao zinasukumwa kwa mikono na tukiona tumefika Ulaya, kwa hiyo nafasi ya kutoka na ndugu wote haikosekani. Na kama ni wa Pemba mnaonisoma na mna mambo kama haya, nyie muna viwanja vya watoto vya Tibirinzi pale Chake Chake, hesabu ni hiyo hiyo.

Ile jioni ya mwisho wa mwezi sasa. Hapa utapoteza kitu na sitokuficha. Ilikuwa kila mwezi kwa sababu ilikuwa nyumba moja. Sasa ziko mbili, na kama anasema hana ya mara mbili mie namuamini, fundi wa AC si mwenye hoteli. Basi iwe mwezi huu Fuoni, mwezi ujao Bububu, kila moja iangukie Jumamosi ya zamu ya nyumba hiyo ili pasitokee mtu kusema kaibiwa usiku wake. Mwezi ambao si wenu, wewe na watoto mwaweza kushuka Forodhani peke yenu na huyo dada yako mkali, mumjulishe tu baba yao. Toka pale palipotengenezwa upya ile 2009 na watu wa Aga Khan kuna pahala pa watoto kuchezea, urojo bakuli moja hauhitaji mume. Jioni sita kwa mwaka zilizo zako kweli zako, ni bora kuliko zote kumi na mbili uko nyuma na viatu.

Na akikwambia kugawa hivyo ni kutenganisha, mkumbushe kwa adabu kwamba kugawa ndiko alikokubali siku aliyooa. Suratun Nisaa aya ya 3 anaijua, hakuna mwanamme wa mitala asieijua, ila wengi wanaishia kwenye idadi hawafiki pale panaposema mukichelea kutofanya uadilifu basi mmoja. Na kuna ile hadithi ya Nuuman bin Bashir, imo kwa Bukhari na Muslim, baba yake alitaka kumpa yeye zawadi akaenda kwa Mtume (SAW) awe shahidi, akaulizwa watoto wako wote umewapa mfano wake? Akasema la. Akaambiwa mcheni Mungu na mufanye uadilifu baina ya watoto wenu. Sasa uadilifu si kuwapakia wote gari moja. Kijana wako ana ahadi yake na baba yake ndani ya kile kigari, huyo mdogo nae atakuwa na yake akikua, kila mmoja atimiziwe yake.

Yule msichana wa miaka 9, wa ndoa ya mwanzo, hukuuliza habari zake lakini nitasema. Si damu ya mumeo, na kuna watu watakwambia basi si juu yake kumkatia tiketi, ana baba yake. Kisheria huko wana lao. Lakini hapo dirishani, watoto watatu wapewe tiketi wa nne aambiwe subiri? Nani ataweza? Akienda, akatiwe kama wenzake, na wewe usiwe wa kuhesabu hiyo. Huyo mtoto ndie aliye mgeni kuliko wote usiku ule, baba si wake, na ukimtoa yule mdogo ndugu si wake, na kilichokuja kutokea akatapika mbele ya watu juu ya mke wa baba. Mie namuonea huruma kuliko wewe, nisamehe.

Na kutapika kule si ubaya wa mtoto wala wa mama yake. Ndani ya sikio kuna maji yanayoujulisha ubongo unavyokwenda, ukizungushwa ubongo unapokea habari mbili zisizopatana, moja ya macho moja ya sikio, unavurugika, na tumbo linafuata. Watoto wa umri huo ndo hasa, kuliko wale wachanga. Ukiongeza bakuli la urojo lenye embe mbichi, bajia, viazi na chatne juu yake, hilo halihitaji husda ya mtu. Ule utaratibu wenu wa michezo kwanza chakula baadae ndo wenyewe, mumeo aufuate hata akiwa peke yake, na akisikia mtoto anasema kichwa kinazunguka amkalishe aangalie kitu cha mbali kisichotembea. Mtandio usiutupe, ile manjano ni bizari, fua uanike juani, jua linaipunguza kila siku.

Siku ya kuwapeleka wanne peke yake amwandike kila mtoto namba ya simu mkononi kwa kalamu ya wino kabla hawajatoka, na wakifika tu awaonyeshe pahala pamoja pa kukutania mtu akipotea. Na huyu mkubwa wako wa miaka 11 asigeuzwe yaya. Ndo kitakachotokea, nakwambia mapema, mwanamme akizidiwa anageukia msichana mkubwa, "mshike mdogo wako hapo." Mtoto yule keshasema anataka madaftari, hilo sitaki ulichukulie mzaha. Mtoto wa miaka 11 akikataa pembea akataka daftari, hataki daftari. Anakutetea wewe. Kakuona nyuma na mikoba na kajitolea kugoma kwa niaba yako, na hiyo kazi si yake. Mwite, mwambie mama yuko sawa na baba hajakusahau, halafu mwache akasirikie baba yake kivyake kama ana sababu, ila isiwe zako. Na ukizungumza na dada yako kwenye simu mambo haya, funga mlango.

Sasa mwenzako. Nimeisoma barua yako mara mbili natafuta ubaya aliokufanyia, sijauona. Alikaa mbele na mtoto mapajani, gari ilianzia kwao. Alikuwa na njaa. Alikufuta matapishi kwa kanga yake na wewe ukamtoa mkono. Hayo umeyaandika mwenyewe. Sisemi muwe mashoga, mke mwenza si shoga na anaekulazimisha hilo hana akili, lakini hasira ya mumeo usiipelekee Bububu. Siku moja mtumie salamu ya mtoto wake, kama tumbo lilitulia. Neno moja tu, usipige soga. Na ujumbe wa ratiba hii mpya aupeleke mumeo kwao mwenyewe, wewe usiupeleke na watoto wasiupeleke.

Na ile picha iache. Status inajifuta baada ya masaa 24, wewe ndo umeiweka kwako mpaka leo. Siku nyengine akikupa simu mpe mtu anaepita awapige, na wewe ingia.

Kumwambia, umwambie usiku wa zamu yako keshakula keshapumzika, si kwenye gari, si kwa WhatsApp, na wala si mshahara umeingia leo. Anza hivi: "Baba fulani, siku ile kwenye magari ya kugongana mtoto hakuendesha, ulimuona?" Nyamaza. Muache ajibu. Huenda hakumuona kabisa, alikuwa na wa mabegani. Muelezee ile mikono tu, kama ulivyonielezea mie, usiongeze kitu. Halafu ndo umwambie nna fikra, Jumamosi hii waende wote wanne na wewe, mie na mwenzangu tupumzike. Nadhani atakubali haraka kuliko unavyofikiri, atajiona kashinda.

Akirudi usiku huo mtayarishie chai na usimuulize ilikuwaje. Hiyo ratiba ya mwezi huu Fuoni mwezi ujao Bububu, uitoe kesho yake.